Trekta Iliyokataa Kuwaka Kabla ya Kilio

Nitaanza na lile ninaloona aibu kulisema. Kwa siku mbili nzima niliomba mzee wa jirani asife kabla ya Jumatatu saa tatu asubuhi. Sikuomba apone. Niliomba angoje.

Mzee huyo alikuwa kitandani tangu Krismasi, na sote tunaoishi kando ya njia ile ya Likuyani tulijua. Hakuna aliyelitamka. Watu walisema tu, "Mwaka huu tulime mapema," kisha wakatazama upande wa boma lake. Kwetu mtu akifa, majirani hawashiki jembe mpaka azikwe. Kaburi ndilo linalochimbwa kwanza. Trekta nayo haiingii shambani, hata kama mwenye shamba na marehemu walikuwa hawasalimiani. Na mazishi yetu si ya kesho yake. Watoto wanangojwa kutoka Nairobi, kutoka Mombasa, mmoja yuko ng'ambo na bado anatafuta tikiti. Wiki inakwisha hivi hivi, na ya pili inaanza.

Aliyekuwa na haraka kuliko wote ni Senje, dada ya baba yangu. Ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani, na ndugu zake wakampa ekari moja na nusu chini karibu na kijito, alime. Walimpa alime, hawakumpa iwe yake. Mwaka uliopita mgongo ulimlaza na shamba likalala naye. Katika kikao cha familia, baba mkubwa, ambaye ndiye kaka yao wa kwanza, alisema likilala msimu wa pili litakwenda kwa mwanawe aliyeoa, mwenye watoto watatu na hana pa kulima. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma tangazo kanisani. Senje aliitikia, "Sawa," na siku iliyofuata akaanza kung'oa visiki kwa mikono yake.

Mimi ndiye niliyekuwa nimwingizie trekta.

Trekta ni ya baba mdogo, kuukuu, yenye rangi tatu kwa sababu kila kifuniko cha injini kilitoka kwa trekta nyingine. Nilikuja kwake kutoka mjini, kutoka Amalemba tulikokulia, baada ya kuacha chuo ambako nilikuwa nalia kabla ya kila mtihani. Nilikuwa nije wiki mbili nipumzike. Sasa ni mwaka wa tatu. Nilianza kwa kuosha trekta, nikaendelea kwa kuuliza maswali, kisha kwa kutazama video kwenye simu na kunakili kila kitu katika daftari. Hakuna fundi aliyenifundisha. Labda ndiyo sababu naogopa sana kukosea. Napanga spana kwa ukubwa. Nati nikishaikaza naikaza tena, naondoka, narudi kuigusa. Baba mdogo, ambaye huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, huniambia, "Mama, hiyo nati itakupeleka mahakamani."

Ijumaa ile tulitoka kulimia mteja karibu na senta, kwenye maduka. Trekta ilikuwa inatoa moshi wa bluu, moshi wa injini inayokula oili yake yenyewe. Ilikuwa hivyo kwa miezi mingi. Lakini siku hiyo vijana wa bodaboda walikuwa wengi.

"Madam, mnachoma makaa leo?"

"Wacha, anafukiza mbu. Serikali ya kaunti imemtuma."

Walicheka wote, na mimi nikacheka nao kidogo ili ionekane haijaniuma. Tulipofika nyumbani baba mdogo alisema, "Kesho asubuhi tumalizane na Senje." Nikamwambia anipe Jumamosi moja tu nirekebishe huo moshi. Jumapili hatulimi. Jumatatu alfajiri ningekuwa shambani.

"Kwani moshi inazuianga mahindi kuota?"

"Ni Jumamosi moja tu, baba."

Akatazama upande wa boma la mzee, halafu akanitazama. "Haya," akasema. Najua alikuwa na neno lingine. Hakulisema kwa sababu ananihurumia, na kuhurumiwa kumenigharimu mara nyingi kuliko kugombezwa.

Jumamosi nilikwenda dukani, na muuzaji wa vipuri alinisikiliza akatoa mtungi wa oili nzito, nambari hamsini. "Hii ni dawa ya moshi," akasema. "Weka, usahau." Nilijua kitabu cha trekta kinasema oili nyepesi kuliko hiyo. Nina nakala yake, imechapwa vibaya, nimeisoma mpaka kurasa zimelegea. Lakini nilijiambia kitabu kile kiliandikwa na watu wa theluji, watu ambao injini zao huganda usiku. Huku kwetu, nilijiambia, baridi iko wapi? Ndivyo nilivyofanya, mimi ninayejisifu kwamba sirukii hatua. Niliruka kwa sababu ya kicheko cha vijana wa bodaboda.

Nilimwaga oili ya zamani, nikaweka ile mpya. Nikabadilisha filta ya dizeli, nikatoa hewa kwenye mipira ya mafuta, nikaosha vichwa vya betri kwa maji ya moto, nikapeleka betri senta ikachajiwa. Saa nane mchana, jua likiwa kali, niliwasha. Iliwaka mara moja. Bomba la moshi lilikuwa safi. Baba mdogo alitoka nyumbani, akazunguka trekta, akasema, "Hii ni yetu kweli?" Hiyo ndiyo siku niliyojipenda zaidi mwaka huo.

Jumapili jioni nilifunga plau na kuishusha chini, tayari. Niliegesha mahali pa tambarare kando ya ghala. Baba mdogo huegesha juu ya mteremko karibu na geti, pua ikitazama chini, jiwe mbele ya gurudumu, ili asubuhi ikisumbua aiteremshe tu. Mimi niliona hiyo ni kukubali kwamba trekta ni mgonjwa. Yangu ilikuwa imepona.

Jumatatu nilitoka nje saa kumi na moja na nusu. Kabla ya mvua za masika, usiku wetu hauna mawingu, na baridi inashuka moja kwa moja kutoka mbinguni. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande na pumzi yangu ilionekana. Usukani uliniuma viganja. Nikageuza ufunguo.

Injini iligeuka polepole mno. Ng'uuu. Kimya. Ng'uuu. Kama mtu anayevuta gunia kwenye tope na kupumzika kila hatua. Nikajaribu mara ya pili, ya tatu. Moshi mweupe kidogo ulitoka, ukanuka dizeli, ukaisha.

Nilifungua daftari. Hilo ndilo ninalofanya nikiogopa, naanza kufuata orodha. Mafuta yapo. Filta mpya. Hewa. Nilifungua nati za nozeli moja baada ya nyingine, nikatoa hewa ambayo haikuwepo. Vidole havikuhisi spana. Hakuna mahali katika ile orodha nilipoandika oili. Oili ndiyo iliyokuwa ushindi wangu, na mimi sikagui ushindi.

Senje alifika saa kumi na mbili, amevaa koti la mwanamume na kilemba, ana thamosi ya chai na viazi vitamu ndani ya kitambaa. Alikuwa amekuja kuonyesha mpaka. Alisalimia, akakaa juu ya gogo, akaweka thamosi katikati ya miguu yake.

Watu wa kupeleka maziwa walianza kupita, na kila aliyepita akasimama.

"Inasikianga baridi kama mzee," akasema mmoja.

"Wewe ulisomea wapi hii kazi?" akauliza mwingine.

"Kwa simu," baba mdogo akajibu kwa niaba yangu, si kwa ubaya.

"Basi iwekee hiyo simu sikioni iambiwe."

Mmoja alileta kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, akakiwasha mbele ya tundu la kuvutia hewa. Injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Baba mdogo akaenda jikoni kwake akarudi na jiko la makaa, akalisukuma chini ya tumbo la injini, pale oili inapokaa. Nasema hili polepole kwa sababu ndilo linalonirudia kuliko yote. Hilo ndilo jambo pekee lililofanywa sawasawa asubuhi ile. Angeliacha nusu saa, oili ingelainika. Mimi ndiye niliyelitoa. Nilikuwa nimeona kwenye video trekta inaungua hivyo, na dizeli niliyoimwaga nikitafuta hewa ilikuwa inadondoka karibu. Niliinama nikalivuta jiko kwa mikono, nikaungua kidole, nikapiga kelele, "Mnataka kuichoma?" Sauti yangu ilikuwa nyembamba. Wanaume wakarudi nyuma. Baba mdogo akasema, "Sawa mama, sawa," akarudisha jiko jikoni.

Nikageuza ufunguo tena. Safari hii ulisikika tu mlio kama wa kidole kikigonga chuma. Betri ilikuwa imekwisha.

"Isukumwe," akasema mtu.

Haikuwezekana kuisukuma. Plau ilikuwa imeshuka ardhini kama nilivyoiacha nikijiona mwerevu, na plau haiinuki mpaka injini iwake. Ilibidi ifunguliwe. Pini zilikuwa zimebanwa na uzito. Tulizigonga kwa nyundo, tukazipaka mafuta, tukagonga tena. Senje alikuja akashika taa ya simu ingawa kulishapambazuka. Nadhani alitaka tu mkono wake uwe na kazi. Nilisikia akihesabu kwa sauti ya chini, si pini, ni saa. "Ukiingia saa mbili unatoka saa nne," akasema. "Saa nne si mbaya."

"Si mbaya, Senje," nikasema.

Pini ya mwisho ilitoka saa mbili kasoro kidogo. Wanaume saba walishika trekta kwa nyuma, mimi nikapanda, nikakanyaga klachi, nikaweka gia. Waliisukuma kutoka kwenye tambarare, taratibu, kisha ikafika kwenye mteremko wa geti na ikaanza kwenda yenyewe. Nilikuwa nimeanza kusikia uzito wake ukikimbia chini yangu. Bado kidogo, nikajiambia, ngoja ishike mwendo kisha uachie klachi.

Hapo ndipo kilio kilipotoka.

Kilikuwa cha mwanamke mmoja, kikafuatwa na cha pili, kutoka boma la mzee. Nyuma yangu nilisikia miguu ya wale wanaume ikisimama yote kwa pamoja. Hakuna aliyesema acha. Trekta ilikuwa inaendelea kushuka na mguu wangu ulikuwa juu ya klachi. Ningeuinua tu. Nafikiri ingewaka. Mngurumo ungefunika kilio kwa muda, na ningeweza kusema baadaye kwamba sikusikia, na watu wangeninong'ona lakini shamba lingekuwa limelimwa.

Nilikanyaga breki. Sikuamua, ni mguu ulioamua, na sikujua kama ni heshima au ni uoga. Trekta ilisimama katikati ya njia, imekaa upande. Nilipogeuka, Senje alikuwa ameweka thamosi chini na mikono yake iko kichwani. Kisha akakimbia kuelekea kwa mzee, mgongo wake mgonjwa umeinama, akilia jina lake. Kati yetu sote, yeye ndiye aliyefika kwanza.

Saa sita mchana watu wa boma la mzee walikuja kuomba trekta. Matrekta hayalimi wakati wa matanga lakini yanabeba. Kuna maji ya kuchotwa, kuna kuni, viti vya kanisa, mahema. Baba mdogo aliazima betri. Jua lilikuwa limekaa juu ya injini tangu asubuhi. Niligeuza ufunguo na ikawaka mara moja, laini, bila moshi hata kidogo.

"Eh! Hii imetengenezwa," akasema mmoja wa wale wa asubuhi. "Msichana anajua kazi."

Kwa siku tisa nilivuta trela la maji kwenda kwenye matanga. Njia ya kwenda kisimani inapita kando ya shamba la Senje. Nililipita asubuhi na jioni, nikiwa juu ya gari lenye nguvu ya kulima ekari ile kwa saa mbili, na plau imelala nyumbani kwenye nyasi. Visiki alivyong'oa vilikuwa vimepangwa pembeni vizuri. Nilianza kutazama upande mwingine nikifika pale.

Siku ya nne, kisimani, alikuwepo mzee mmoja aliyewahi kuendesha matrekta ya kuvuta miwa mpaka akastaafu. Alikuja kuangalia injini kama watu wanavyokuja kuangalia mtoto wa mwenzao. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua, akangoja tone lidondoke. Halikudondoka.

"Nani ameweka uji hapa?"

"Ni mimi."

"Ya kuficha moshi."

"Ndiyo."

"Mchana inakubali," akasema. "Alfajiri inakuwa kama asali. Stata inavutanga pistoni kwenye asali. Ungeweka jiko chini yake, angalau." Alikifuta kijiti kwa majani, akakirudisha. "Si makosa makubwa. Unamwaga, unaweka nyingine."

Alisema kweli. Kwa upande wa injini hayakuwa makosa makubwa. Niliibadilisha jioni ile ile, na moshi wa bluu ukarudi.

Mvua ilianza siku ya sita ya matanga. Watu waliifurahia kwa kunong'ona. Mzee alizikwa siku ya tisa, kaburi likiwa na maji chini, na Jumatatu iliyofuata tuliingia kwa Senje na plau. Udongo wa kando ya kijito ni mweusi na unanata. Tulikwenda urefu wa nyumba mbili. Gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka pale pale, likazama, na baba mdogo akapunga mikono nisimame. Tulitoka kwa kuvutwa na ng'ombe sita wa jirani, na hakuna aliyenitania. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Udongo ule haungekauka tena mpaka masika yaishe, kwa hiyo Senje alianza kulima kwa jembe siku iliyofuata. Nilikwenda kumsaidia kila nilipopata nafasi. Mimi ni mzuri wa kuchora mistari iliyonyooka na ni dhaifu wa kulima. Viganja vyangu vilipasuka siku ya kwanza. Alikuwa akilima kidogo, anasimama, anashika kiuno, anatazama umbali uliobaki, analima. Nilitaka kumwambia kuhusu oili. Niliyaandika maneno katika daftari, nikayafuta, nikayaandika tena. Yalikuwa yanaanza vibaya kila mara. Nikianza na moshi ilionekana najitetea. Nikianza na pole ilionekana naomba anifariji, naye ndiye mwenye mgongo.

Mahindi ya watu wengine yalipofika magotini, baba mkubwa alikuja na mwanawe. Tulikuwa tumelima robo ya shamba na zaidi kidogo. Sehemu hiyo ilikuwa na mahindi na maharage, yamechelewa lakini yako. Zaidi ya hapo nyasi zilikuwa kiunoni. Baba mkubwa alipima shamba kwa macho. Sikumchukia. Mwanawe alikuwa anatazama chini, anachimba udongo kwa ncha ya kiatu.

"Ulipolima ni pako," baba mkubwa akamwambia Senje. "Hapo hakuna atakayekugusa nikiwa hai. Huko kwingine, dada yangu, tulisema."

"Mlisema," Senje akajibu.

Ilibidi mpaka upimwe. Baba mkubwa alishika mwisho mmoja wa kamba kando ya njia. Mwisho wa pili, upande wa kijito, Senje alinipa mimi nishike, yeye asimame katikati aone kama imenyooka. Mwana wa baba mkubwa alikuja nyuma na miche ya katani ya kupanda mpakani. Niliona nisipolisema hapo sitalisema.

"Senje. Siku ile trekta haikukataa kwa baridi peke yake. Niliweka oili nzito, ili isitoe moshi. Watu walinicheka senta. Kama ningeiacha, ingewaka. Na jiko ni mimi niliyelitoa."

Alinitazama. Alikuwa na udongo kwenye nyusi.

"Ulijua haitawaka?"

"Sikujua."

"Na moshi uliisha?"

"Uliisha. Kwa siku tano."

Alitikisa kichwa, na kitu fulani kilipita usoni pake ambacho mpaka leo sijui kama kilikuwa kicheko. Nilingoja aseme zaidi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, hata kwa msamaha, na kwa vyote viwili nilikuwa na majibu kwenye daftari. Yeye alikuwa ameshaanza kutazama kamba.

"Sogea kushoto," akasema. "Unaninyima mistari miwili ya maharage."

Nikasogea kushoto. Nikaikaza kamba, nikaikaza tena, na mwana wa baba mkubwa akapiga magoti kupanda mche wa kwanza.